Mama Udongo na Sampuli za Shamba Namba Saba

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, mkuu wa zamani wa maabara yetu ya udongo anastaafu. Sote tunamwita Mama Udongo, na huitika bila kununa. Nimeombwa niandike machache ya kuchangamsha. Nitajitahidi, ila siahidi.

Alianza kazi miti yetu ya kwanza ikiwa bado miche. Kwa wageni wa jarida hili: tunaikata kila mwaka wa tatu, tunaisaga vipande na kuichoma kwenye tanuri la kuzalisha umeme, kisha visiki vinachipua upya. Ni yeye aliyetukalia kooni mpaka tukakubali kuacha majani na matawi madogo shambani, maana humo ndimo kinamokaa chakula kingi cha udongo. Akataka na jivu la tanuri lirudishwe. Tulimcheka, eti anaulisha udongo uji kama mgonjwa! Akacheka nasi, halafu akasukuma toroli la jivu mwenyewe, na aliporudi amepauka mwili mzima, mafundi wa tanuri walitimua mbio wakidhani mzuka.

Miaka tisa iliyopita tanuri lilikuwa na njaa. Uongozi ukauliza kama shamba namba saba linaweza kutoa mti mzima, majani na yote. Vipimo vikasema udongo una afya tele. Mama Udongo alishangaa, lakini alitia saini. Tukazoa kila kitu, mikato miwili. Baada ya hapo visiki vikatoa vijiti vya manjano, vikafa. Hekta arobaini. Shamba lile tulilikodi kutoka kwa familia za jirani, na sasa wanarudishiwa ardhi isiyootesha hata maharage.

Uongozi ukaitisha kikao, naye aliulizwa nani alaumiwe. Akasema maabara ni yake na saini ni yake. Akavuliwa ukuu, na tangu siku ile amechimba vishimo vya sampuli chini ya amri ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi.

Mtu huyo ni mimi. Na sampuli za vipimo vile vya shamba namba saba nilizichota mimi. Jua lilikuwa kali, nami mvivu, nikajaza mifuko yote ishirini kando ya barabara, pale ambapo lundo la magome lilikuwa limeoza kwa miaka. Kwenye vibandiko nikaandika kona zote za shamba. Aliniuliza mara mbili kama nilifika kona ya chini. Nikamwapia kwamba nimefika. Kikaoni nilikaa kiti cha pembeni yake, kimya. Naona aibu hadi leo.

Barua ya kukiri nimeshaifikisha kwa uongozi. Mama, asante kwa yote, na samahani haitoshi. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na bustani inayostawi. Jumatatu asubuhi nakwenda kwa wenye shamba, nikawaambie mwenyewe ni nani aliyewaulia ardhi yao.