Siku Mgonjwa Aliponiombea Mimi

Bwana asifiwe, kanisa! Na asifiwe na ninyi mliokaa kule nyuma karibu na mlango! Mimi ni Nasimiyu, mzaliwa wa Malakisi. Wengi mnanijua kama sista wa wadi ya akina mama hapa Kitale. Leo nataka niwaeleze jinsi Mungu alivyonirudishia moyo wa kazi yangu.

Ndugu zangu, uuguzi niliupenda tangu nikiwa msichana. Lakini mnaikumbuka ile miaka Ukimwi ulipokuwa unatumalizia watu, na dawa zake bado hazijatufikia. Leo namwosha mama, namlisha uji, tunacheka. Kesho nakuta kitanda kimetandikwa upya. Nilikuwa nalia chooni, nanawa uso, narudi wadini. Nyumbani sikusema kitu. Hapa kanisani niliimba nanyi, lakini ndani nilikuwa nimekauka. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala! Nilipewa likizo, nikaenda kwetu nikapumzika, nikarudi na uchovu uleule. Nikaamua niache kazi, nikauze nguo sokoni. Nguo hazifi!

Asubuhi moja nilikuwa nambadilishia shuka mama mmoja wa Kachibora, Mama Cheptoo. Alikuwa amekonda, hata kugeuka ni taabu. Mikono yangu ikakataa. Nikasimama nimeshika ile shuka, machozi yanatoka tu, wadi nzima ikiniangalia.

"Sista," akaniita, "si ukae kidogo hapa."

"Mama, niko na kazi."

"Kazi iko tu, haiendi mahali. Kaa. Kwani wewe unaombewa na nani?"

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Akaniwekea mkono kichwani, mkono mwepesi kama wa mtoto, akaomba kwa sauti ndogo: "Baba, huyu binti yako ametubeba sisi wote peke yake. Mpokee mzigo." Basi. Yeye mwenyewe hakujiombea hata neno moja. Wagonjwa wengine wakaitikia amina kutoka vitandani mwao, nami nikalia mpaka nikahisi nimekuwa mwepesi.

Siku hiyo nilifunguliwa. Vifo havikukoma, nisiwadanganye. Lakini nilielewa kwamba Mungu hakuniita niwe mwokozi wa wadi ile. Mwokozi alikuwemo tayari! Mimi aliniita nioshe, nilishe, nishike mkono wa mtu. Nikaenda kwa matroni wetu, nikamwambia nimelemewa. Akanitazama, akasema, "Hata mimi, Nasimiyu." Tangu hapo wauguzi sote tukawa tunaomba pamoja kabla ya zamu, na aliyelemewa anasema, wenzake wanampokea. Nguvu zikarudi polepole, kama za mtu anayepona homa. Nikajikuta naimba nikitandika vitanda.

Na dawa zilipofika, zilimkuta Mama Cheptoo bado anapumua. Haleluya! Alitoka hospitalini kwa miguu yake, na sasa analima mahindi kwao.

Namshukuru Mungu, na nawashukuru wote walioniinua. Wewe mwalimu uliyechoka, wewe mama wa sokoni, wewe unayelima kule Saboti huku moyo umelala, usijikaze peke yako. Mwambie Yesu, halafu mwambie na mtu. Atakupokea, kama alivyonipokea mimi. Kesho naingia zamu ya asubuhi, wapendwa, na nasema mbele za Mungu: natamani kuche!