Mbegu Alizozitupa Tabita

Ndugu zangu, Bwana na asifiwe! Nimesimama kumshukuru, lakini nimesimama na hasira pia, na sitaificha mbele zake.

Mnamjua binti yangu Tabita. Husema neno moja moja tu, tena kwa nadra. Hamtazami mtu usoni, na shikamoo haijawahi kutoka kinywani mwake. Kwa hiyo mlisema hana adabu. Tangu utoto alipanga punje za mtama sakafuni, mistari iliyonyooka. Ukizivuruga, alilia mpaka sauti ikakauka.

Mwaka wa pili tangu tuhamie kijiji hiki cha ujamaa, mimi nilikuwa mtunza ghala. Tabita, msichana mkubwa tayari, aliingia humo akamwaga mbegu za shamba la kijiji. Nyingine alizipanga, nyingine akazitupa nje. Mwenyekiti akamkuta.

"Mzee, binti yako anatupigia ramli!"

"Mtoto wa kanisa huyo?" mmoja wenu akacheka. "Basi waganga watafute kazi nyingine!"

Tukazizoa zilizotupwa, tukazichanganya na nzuri, tukapanda. Nusu ya shamba haikuota. Mkasema ni ramli ya Tabita! Mzee wetu wa kanisa, aliyeketi hapo benchi la mbele, akaamuru anyimwe chakula siku tatu ili pepo limtoke. Na mimi, baba yake, nikamfunga mguu kwenye nguzo ya nyumba. Kamba ile ya katani niliisokota kwa mikono hii.

Siku ya pili mke wangu aliikata. Akampeleka kwa masista wenye nyumba ya kulelea walemavu, upande wa Itigi. Kwa aibu, sikwenda kumwona miaka miwili.

Nilipokwenda, nilimkuta barazani, ungo mapajani, amenenepa, anaimba wimbo usio na maneno.

"Karibu, baba," sista akaniambia. "Mwache amalize kwanza. Huyo ndiye fundi wetu wa mbegu. Tangu aje, shamba letu halina mapengo."

Niliokota punje alizozitupa. Nikazipasua kwa ukucha, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimebunguliwa na wadudu. Ndani unga mtupu.

Ndugu zangu! Alikuwa akituepusha na njaa, nasi tukamfunga kamba! Nililia pale chini mbele ya masista. Tabita akasogeza ungo nisiuguse, akaendelea na kazi.

Hakuna pepo lililomtoka, maana hakuwa nalo. Aliyefunguliwa na Mungu ni mimi. Nilikuwa nawaogopa ninyi kuliko nilivyompenda mwanangu. Leo siwaogopi.

Masista wamemruhusu aje nyumbani msimu huu wa kupanda. Ataketi mlangoni pa ghala na ungo wake. Hatakusalimu, msalimie wewe. Kisha mwachie mbegu zako, umtumaini Mungu aliyempa macho yale.

Na atakachokitupa, mtu asikiokote tena.

Amina.