Mpima Macho Aliyeruka Kifungo

Tarehe 30 Juni 1999 Ndugu Aminieli Swai atavua koti jeupe, baada ya miaka thelathini na miwili katika kliniki ya macho ya hospitali yetu ya misheni ya Kilutheri hapa Machame. Koti hilo mkewe amelipiga wanga miaka yote hiyo, mpaka linakaribia kusimama lenyewe.

Alianza mwaka 1967 kama mfagizi, akasomea upimaji, na kufikia zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa miaka ya themanini, alikuwa mkuu wa kitengo. Mitumba ilipoanza kuingia, miwani ya msaada nayo ikaja kwa maboksi. Ndugu Aminieli alijichagulia ya fremu ya dhahabu. Haikuwa ya macho yake, ila ilimpa sura ya askofu, basi akaivaa, akawa anagongana na milango.

Kila asubuhi aliongoza ibada ya wafanyakazi. Alipenda mno habari za vipofu walioponywa na Yesu, na akifika kwenye upofu wa moyo alitukazia macho sisi, kuanzia wapishi hadi dereva. Wakatoliki wa Kibosho aliwaombea kwa kirefu zaidi, maana aliona hali yao ni mbaya. Wazee aliwapima bila shikamoo; alisema koti haliamkii mtu.

Mwaka 1992 alikuja Bibi Lukresia kutoka Kibosho, macho yakimwasha kwa moshi wa kuni. Ndugu Aminieli alimsimamisha mbele ya ubao wa herufi, akamwambia asome. Bibi akanyamaza. Cheti kikaandikwa: haoni, macho yote mawili. Kikagongwa mhuri.

Nyumbani, wanawe walikiamini cheti kuliko mama yao. Walimnyang'anya panga, wakamkataza kukata majani ya ng'ombe na kuchuma kahawa yake, wakampa fimbo. Kila alipobisha walimwonyesha mhuri. Mama wa watu, aliyelima tangu usichana, alikalishwa kitini miaka miwili akitazama kihamba chake, shamba la nyumbani, kikiota magugu.

Mwaka 1994 alirudishwa kupimwa tena. Ndugu Aminieli alikuwa ametoka kuhubiri, na shati lake lilikuwa limefungwa kombo tangu asubuhi. Sote tuliliona, lakini nani amwambie mkuu? Bibi ndiye aliyemwambia, kwa upole, kwamba ameruka kifungo. Ndugu Aminieli akamuuliza amekionaje.

"Naona vyote, mwanangu," bibi akajibu. "Hizo herufi ndizo sizijui majina. Hukuniuliza kama nimesoma."

Tulidhani atafoka. Loo, aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, akavua miwani ya dhahabu. Kesho yake ibada ilichukua dakika tatu tu. Alimwomba Yesu amfungue macho yeye, si sisi, akalia mbele yetu wote. Kisha akashika njia mbovu ya Kibosho kwa mara ya kwanza maishani, akamwamkia bibi shikamoo mbele ya wanawe na majirani, akasema: "Mama yenu anaona. Kipofu nilikuwa mimi." Panga lilirudishwa siku hiyo hiyo.

Tangu hapo wasiojua kusoma wanapimwa kwa ubao aliouchora kwa mkono wake: jembe, chungu, mgomba na ng'ombe. Ng'ombe huyo anafanana sana na mbuzi, kwa hiyo majibu yote mawili tunayapokea. Na wazee sasa anawaamkia wote, Walutheri kwa Wakatoliki, mpaka foleni inachelewa.

Ndugu Aminieli, kliniki nzima inakushukuru. Lakini mimi, Tabitha wa masijala, nina langu la kusema kabla hujaondoka. Siku ile ya 1992, Bibi Lukresia alikaa mbele ya dirisha langu akisubiri cheti. Akachomoa sindano kwenye kitenge, akaitunga uzi, akashona pindo lililofumuka. Nilimwona. Nikampa cheti chake, nikamwita anayefuata.

Wewe uliungama siku ya pili baada ya kuambiwa; mimi imenichukua miaka saba, na naona aibu. Nenda nyumbani kwa amani, Mungu akupe uzee wenye afya na furaha. Na ukipiga magoti, uniombee na mimi nifunguliwe macho.