Mama Vuta Pumzi na Majoho ya Kwaya

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, wanakwaya, majirani, wateja wa cherehani na ndugu mliotoka karibu na mbali, nawasalimu nyote katika jina la Bwana. Mimi ni kitinda mimba wa marehemu, na wakubwa zangu wamenikabidhi kazi ya kusoma historia ya mama yetu kwa madai kwamba nina sauti kubwa na machozi ya shida, la sauti ni kweli, hilo la machozi tutaliona huko mbele.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu na binti pekee wa mchoma matofali na mkewe aliyekuwa akifulia watu nguo, na yeye mwenyewe alipenda kusimulia kwamba kwao kila kitu kilikuwa na vumbi jekundu, hata sahani, isipokuwa nguo za Jumapili ambazo bibi alizifunga kwenye shuka na kuzitundika juu ya kitanda, ili cha Bwana kisichanganyike na cha kiwandani.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, akawa hodari wa kuimba na dhaifu wa hesabu, na Januari 1968 akapelekwa kujifunza kushona kwa fundi mmoja wa kike mtaa wa pili, mama mkali kama pilipili, ambaye mshono ukipinda hakusema neno, alikupa wembe tu ukae chini ufumue. Mama alifumua sana mwaka ule, akalia sana, lakini baadaye alitufundisha sisi wanawe maana ya toba kwa wembe uleule, akisema kufumua si adhabu, ni sehemu ya kushona, na fundi asiyetaka kufumua huvalisha watu makosa yake.

Mwaka 1973 alipata cherehani yake, akaiweka kwenye chumba cha mbele cha nyumba tuliyokuja kukulia, kinachotazama barabara, ubavuni mwa duka la vifaa vya umeme, na hapo ndipo alipofanyia kazi maisha yake yote. Mwaka 1975 alijiunga na kwaya, akapangwa sauti ya pili, akasimamishwa kando ya msichana mmoja mwanafunzi wa uuguzi, wakapendana kama chanda na pete, na msichana yule siku moja akamleta kaka yake kupunguziwa suruali. Suruali ile ilirudi kupunguzwa mara tatu, mpaka ikamkataa mwenyewe, ndipo kila mtu akaelewa kwamba mgeni haji kwa ajili ya kiuno, na tarehe 8 Januari 1977, siku ya Jumamosi, mama alifunga ndoa na baba yetu, fundi wa mitambo katika kiwanda cha uchapaji, na yule rafiki wa kwaya akawa wifi yake, yaani Shangazi yetu, ambaye mnamwona ameketi pale mbele.

Ndoa yao ilibarikiwa watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili, waliozaliwa mwaka 1978, 1981, 1984 na 1990, na sote tulilelewa chini ya meza ya kukatia nguo. Ibada ya nyumbani ilifanyika huku mama akitunga uzi kwenye sindano, kwa kuwa alisema uzi hauingii tunduni kwa hasira na sala nayo vilevile, hivyo kama ulikuwa umegombana na mwenzako ulipewa sindano na uzi, ukajaribu mpaka mkono utulie, ndipo ukaruhusiwa kusema amina. Mimi nilikuwa mtu wa kukaa na sindano muda mrefu.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi mnalijua kwa minong'ono, na baba ameniruhusu nilisome waziwazi, kwa sababu bila hilo hii haitakuwa historia ya mama bali ya malaika fulani tusiyemfahamu. Mwaka 2011 kanisa letu lilipokamilisha jengo hili jipya, mama aliombwa kushona majoho ya kwaya nzima, akawapima wanakwaya mmoja mmoja katika chumba chake, wamesimama wima, wametulia, mikono chini, utepe umekaza vizuri kifuani, akitaka wapendeze. Jumapili ya tarehe 4 Septemba 2011, mbele ya wageni wote, kwaya ilipendeza kweli, mpaka ikafika ile sauti ndefu ya mwisho wa wimbo wa kufungulia, wanakwaya wakajaza vifua kama walivyofundishwa, na vifungo vikaanza kuruka, kimoja kikatua kwenye kikapu cha sadaka, kingine kikamfikia mgeni rasmi. Mama alikuwa amepima watu ambao hawaimbi.

Watu walicheka, na kicheko kingepita, lakini baadaye, katika chumba cha nyuma ambako wanakwaya walikuwa wakibanwa pini, Shangazi alisema kwa sauti kwamba fundi huyu lazima anaimba kwa mdomo tu, angekuwa anaimba kwa kifua angejua. Ulimi hauna mfupa. Mama alikuwa mlangoni na vifungo mkononi, akasikia, na kilichomuuma si majoho, kilichomuuma ni kuambiwa na rafiki yake wa siku zote kwamba sifa zake kwa Mungu zilikuwa za juujuu.

Alichukua majoho yote, akayafumua, akaongeza kipande cha kitambaa chini ya kila kwapa, rangi imepishana kidogo, mnaweza kuona hata leo kwaya ikiinua mikono, yote isipokuwa joho la Shangazi, ambaye alikataa kulileta, akalivaa na pini miaka yote. Tangu hapo mama hakumpima mtu bila kumwambia kwanza, vuta pumzi, jaza kifua, na ndivyo alivyopata jina la Mama Vuta Pumzi, na wateja wapya walidhani wamekosea mlango wakaingia kwa daktari. Alipenda kutuambia kwamba sisi binadamu hupima mwenzetu akiwa amenywea, Mungu humpima akiwa amejaa, ndiyo maana neema huonekana kubwa mno kwa mtu aliyesimama tu.

Aliyasema hayo, lakini yeye na Shangazi hawakusemeshana kwa miaka kumi na moja. Shangazi alikuja kumwona kaka yake kama kawaida, mama akamwekea chai kama kawaida, sukari kama anavyoipenda, kisha Shangazi akaniambia mimi nimwambie mama yangu asante, na mama akaniambia mimi nimwambie shangazi yangu karibu, nao wamekaa meza moja. Baba alimwita mzee wa kanisa awapatanishe, wote wawili wakaja, wote wawili wakaomba sala nzuri mpaka mzee akalia, kisha kila mmoja akatokea mlango wake. Na mimi niliyekuwa nikikaa karibu na mama kwenye ibada za katikati ya wiki nilijua kitu ambacho wengine hawakukijua, kwamba Sala ya Bwana ikifika pale pa kusameheana, mama alinyamaza, akaruka, akaendelea mbele, kwa sababu hakutaka kumdanganya Mungu. Lilikuwa likimtesa, aliwahi kuniambia kwamba anaogopa kufa na sala yenye tundu.

Aliyewaweka pamoja ni mwalimu wa kwaya, ambaye aliombwa mara nyingi awatenganishe akakataa katakata, akisema kwenye sauti ya pili ana watu wawili tu wanaojua kupokezana pumzi, wakitaka kununiana wanuniane hapohapo. Kupokezana, kwa msioimba, ni kwamba kwenye sauti ndefu majirani wawili hawavuti pumzi pamoja, mmoja anavuta wakati mwenzake ameshika, ili wimbo usikatike, na huwezi kufanya hivyo bila kumsikiliza mwenzako kwa makini. Kwa hiyo kila Jumapili, wanawake wawili wasiopeana salamu walisikilizana pumzi.

Na ndiyo sababu aliyegundua ugonjwa wa mama si mumewe, si sisi watoto, si daktari. Jumatatu ya tarehe 17 Oktoba 2022 Shangazi aliingia jikoni kwetu bila hodi, akamtazama mama usoni, akasema, wifi, pumzi yako inawahi, imeanza kuwahi tangu mwezi wa sita, nimekuwa nikikushikia, sasa siwezi tena, vaa viatu twende hospitali. Mama alikuwa na sufuria mkononi, akaiweka chini, akavaa viatu. Jumapili iliyofuata, Sala ya Bwana ilipofika pale, aliitamka kwa nguvu mpaka waliokaa mbele wakageuka.

Madaktari walisema mapafu yake yalikuwa yakikakamaa na kwamba dawa zingechelewesha tu. Alitibiwa kwa uvumilivu, na kitanda chake kikahamishiwa chumba cha cherehani, kwenye dirisha. Mwezi Machi mwaka huu wa 2024, akiwa na mrija wa oksijeni puani, aliagiza joho la Shangazi liletwe, akamsimamisha, akachukua utepe, akamwambia, vuta pumzi, wifi. Shangazi alishindwa, kifua hakikutulia kwa kilio, akasema, nilikosea, ulikuwa ukiimba kwa kifua, nani anajua kuliko mimi niliyekuwa nikikusikia, na mama akamjibu kwamba analijua hilo, asimame vizuri, anaharibu kipimo.

Mama alifariki nyumbani, Jumanne ya tarehe 11 Juni 2024, saa tisa alasiri. Shangazi alikuwa kando yake amemshika mkono, na kwa muda mrefu walikuwa wakipumua kwa zamu, kwa mazoea, huyu akivuta yule akiachia, kisha Shangazi akavuta yake, akaishika, akasubiri zamu ya mama, akasubiri, akaishika mpaka uso ukabadilika, ndipo baba akamgusa bega, akamwambia, achia, mdogo wangu, achia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mchungaji aliyemletea meza ya Bwana kitandani, jirani yetu wa duka la vifaa vya umeme aliyekuja mbio na jenereta yake kila umeme ulipokatika ili mashine ya oksijeni isizime, mafundi wenzake waliomalizia nguo alizoziacha mezani, na wafanyakazi wenza wa baba kutoka kiwandani.

Ombi letu la mwisho ni hili. Kwaya itaimba sasa wimbo uleule wa mwaka 2011, Shangazi amekataa kuketi, atasimama mahali pake na joho lake lililoshonwa, na upande wake wa kushoto hatasimama mtu. Kwenye mazoezi, ile sauti ndefu imemkatikia kila mara. Basi ninyi nyote ambao mama aliwahi kuwafunga utepe kifuani, itakapofika pale, fanyeni alivyowaambia, na Shangazi atakapoishiwa, mpokeeni. Nawe, Mama, zamu yako imekwisha, tumeishika sisi, pumzika kwa amani pana isiyobana popote.