Watoto wa Shem Ogutu

Mchungaji, wazee wa kanisa, shemeji yangu Awiti, ndugu na marafiki, mimi ni Were, mdogo wake marehemu, na nimesimama kuwasomea historia ya maisha yake kabla gari halijaanza safari ya kwenda kumzika nyumbani kwetu Gem. Nikisitasita mniwie radhi, kwani jana jioni nilipewa agizo kuhusu kusoma huku, na nitalifikia.

Marehemu Shem Ogutu alizaliwa Gem mwaka wa 1918, akaingia shule ya misheni mwaka wa 1928, akamaliza mwaka wa 1935 akiwa na mwandiko mzuri na Kiingereza kilichopigwa pasi kama kola ya shati lake. Mwaka wa 1941 alikuja Nairobi, akaajiriwa kuwa karani katika kampuni ya bima, Government Road, akatumika hapo miaka thelathini na miwili bila kuchelewa, bila kulewa, na lazima niseme, bila kumsamehe aliyechelewa wala aliyelewa.

Mliokaa naye mnajua, kwa Kiluo alisali, kwa Kiswahili alisalimia watu na kununua sukuma wiki, lakini kuhukumu alihukumu kwa Kiingereza. Mtu alikuwa decent, mwenye adabu zake, au hakuwa, nyumba ilikuwa respectable, ya kuheshimika, au haikuwa, na akisema hypocrite, yaani mnafiki, uliyetajwa ulitafuta kofia yako ukaenda. Vijana wa ofisini walimwita Mister Righteous, Bwana Mwenye Haki, akasikia, akadhani wanamsifu.

Tarehe 16 Desemba 1944 alifunga ndoa kanisani na Awiti, wakajaliwa watoto. Hapa ndipo agizo lilipo. Marehemu aliacha neno, na jana wazee wenzake wakanikumbusha nyumbani kwake mtaa wa Jamhuri, kwamba nisome majina ya watoto wawili tu, Caren na Peres, na nikizidisha jina hawatapanda gari kwenda kumzika. Caren na Peres, nimewasoma.

Jumapili tarehe 12 Machi 1967, katika kanisa hili hili, marehemu alisimama kutoa ushuhuda, akaanza kwa Kiswahili, na alipofika kwa binti yake aliyekuwa mjamzito bila mume, akageukia Kiingereza, akamwita immoral, yaani mwasherati, akasema si wake tena. Shemeji Awiti hakupata shule, akatugeukia mmoja mmoja tumwambie neno lile lina maana gani, akaisoma maana nyusoni mwetu, akajifunga kitambaa chake, akatoka. Binti alihamia mtaa wa Kangemi, akashona nguo, akalea mtoto wake, na jina lake halikutajwa Jamhuri kwa miaka saba.

Februari 1974 marehemu alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitali ya Kenyatta, akarudishwa nyumbani upande mmoja ukiwa hauna nguvu. Tangu hapo alikuja mwanamke kutoka Kangemi kila asubuhi, akafua shuka, akapika uji, akamlisha kwa kijiko na kumfuta mdomo, naye akakubali, lakini hakumwita jina. Siku moja mgeni wa ofisini aliuliza huyu mama ni nani, na marehemu, kwa mdomo ule uliopinda, akajikaza akasema, she is a very decent neighbour, eti ni jirani mwenye adabu sana. Nilikuwepo. Nilikasirika, na bado nimekasirika, kaka, hata ukiwa umelala hapo.

Alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba 1975, saa nne asubuhi, wengi wetu tukiwa kanisani, na kijiko kikiwa mkononi mwa yule yule.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kazini, kanisa, na majirani wote wa Jamhuri, hasa Mama Wahu aliyetupa viti na sufuria. Mwanamke wa Kangemi simshukuru pamoja na majirani, kwa sababu si jirani. Wazee, gari liko nje, asiyetaka kupanda asipande, lakini nasoma.

Marehemu Shem Ogutu ameacha mjane, Awiti, na watoto watatu, na wa kwanza ni Lornah, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1946, yule aliyesimama pale mlangoni na mwanawe. Lornah, njoo ukae mbele na mama yako. Na wewe kaka, sasa pumzika kwa amani, watoto wako wametimia.