Miaka Thelathini na Moja ya Kuchagua Panchi

Ifikapo tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa karakana yetu ya bunduki, ambaye sote tunamwita Mzee Taratibu, atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja na miezi minne kazini. Siku hiyo ndiyo anastaafu.

Alianza kama msafishaji wa mitutu. Mwaka wa tatu alikabidhiwa jiliwa lake mwenyewe, kile kifaa cha mezani cha kubania chuma, na tangu hapo hakuhama meza ya dirishani. Zimepita mikononi mwake bunduki za walinzi, za wawindaji wenye vibali, na za urithi ambazo hazikuwa zimefunguliwa tangu enzi za babu.

Wengi hudhani kazi hii ni nguvu. Yeye alijulikana kwa kitu kidogo kuliko kalamu: panchi, yaani kijiti cha chuma cha kusukumia pini zinazoshikilia sehemu za bunduki. Anazo ishirini na sita, zimesimama kwenye kipande cha mbao alichokitoboa mwenyewe, kila moja na tundu lake. Kwake, panchi inatakiwa iwe nyembamba kuliko pini kwa unywele tu. Ikiwa nene, inakwama. Ikiwa nyembamba mno, inateleza na kuchubua chuma, au inavimbisha kichwa cha pini kisitoke tena. Huanza na fupi, kwa sababu ndefu hupinda kwa pigo la kwanza. Pini ikishalegea ndipo huchukua ndefu ya kuimalizia. Na kabla ya nyundo, panchi lazima ijaribiwe kwa mkono. Tuliokuwa na haraka alituuliza hiyo pini imetukosea nini.

Mteja mmoja alileta bunduki ambayo shemeji yake alijaribu kuifungua kwa msumari. Mzee aliitazama, akavua miwani, akauliza kwa upole kama bado anakula meza moja na huyo shemeji. Mkewe Mzee, ambaye ni mshonaji, anasema hata kifungo cha shati hakishonwi nyumbani kwao mpaka bwana ajaribu sindano tatu.

Jambo moja ameniruhusu nilieleze. Tarehe 11 Machi mwaka jana alichukua panchi ya milimita mbili akidhani ni ya moja na nusu. Ilikwaruza ukingo wa tundu la pini, alama ndogo kama punje ya ufuta. Bunduki ilikuwa ya mama mmoja mjane, aliyeirithi kwa marehemu mumewe, na sidhani kama angeiona alama ile. Mzee aliiandika kwenye daftari la kazi kwa mkono wake, akampigia simu yule mama, kisha akaenda kumwambia meneja kwamba macho yake hayatofautishi tena saizi zinazofuatana. Miwani mpya haikusaidia sana.

Meneja alimwambia ahamie mapokezi mpaka muda wake uishe. Kwa mtu aliyekaa meza moja miaka yote hiyo, ilikuwa sawa na kufukuzwa kwa heshima. Aliomba jambo lingine: aendelee na kazi, ila kila panchi atakayochagua ikaguliwe na mmoja wetu kabla hajainua nyundo. Mkaguzi nikawa mimi, ambaye hata kushika nyundo nilifundishwa naye.

Wiki ya kwanza niliona aibu. Nilitazama kwa mbali na kuitikia kwa kichwa. Alipogundua, aliweka nyundo chini akaniambia, "Mwanangu, hapa usinipe heshima. Nipe jicho."

Tangu hapo nilikagua kweli. Kwa miezi kumi na tano nimemkatalia panchi nne. Kila mara aliirudisha, akachukua nyingine, akashukuru, akaendelea. Hakuna bunduki nyingine iliyokwaruzwa. Na mafundi wenzetu watatu, ambao zamani walikuwa wakificha makosa yao chini ya grisi, siku hizi huja wenyewe na panchi zao mkononi tuzitazame. Hakuna tangazo lililobandikwa ukutani kuwaagiza hivyo.

Mzee wetu, asante kwa kazi, kwa utani, na zaidi kwa kukubali tukukague. Kuanzia Julai mosi meza ya dirishani itakuwa yangu, na nimeshamwomba jirani yangu wa meza ya pili awe ananikagua. Nenda ukapumzike na mama, kwa afya na miaka mingi ya raha.