Kikohozi cha Bi Fumua

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye mkoba wako wa dukani tumeuona tangu unashuka garini, na ambaye tumekusamehe kwa kuwa uliununua kabla hujatufahamu, Mwenyekiti wa ushirika wetu wa wafumaji, ndugu muuza nyuzi, unayetuambia kila mwezi kwamba nyekundu inakuja kesho, mafundi wenzangu, majirani mliokuja kwa mapenzi na majirani mliokuja kwa soda, mabibi na mabwana, nawasalimu.

Nimepewa dakika kumi za kumuaga fundi wetu wa kumalizia mikoba. Ninyi mnamwita Bi Fumua. Mimi namwita wifi, kwa sababu nimeolewa na mdogo wake, na kila mwenye wifi hapa ukumbini anajua kwamba nilistahili kupewa dakika arobaini.

Kwa wageni, nieleze kidogo. Sisi wengine tunafuma. Tunakaa na sindano zetu na umbea wetu, na jioni tunapata kitu kilicholegea kama soksi ya tembo. Kitu hicho kinapelekwa kwenye stuli iliyo karibu na dirisha. Pale kinatiwa kitako kigumu, bitana, zipu na vishikio, na mikia yote ya uzi inafichwa ndani. Kikitoka pale, ni mkoba. Na aliyekalia stuli ile kwa miaka ishirini na sita ni huyu hapa, aliyevaa gauni la buluu na kununa, maana hapendi sherehe.

Jina la Bi Fumua alilipataje? Niulizeni mimi. Wiki yangu ya kwanza nilimpelekea pochi niliyoifuma siku nne. Nilikuwa bi harusi mpya, nataka sifa. Akaipindua, akatia kidole ndani, akakuta mkia wa uzi nimeufunga fundo na kuukata. Kwake yeye mkia wa uzi unazamishwa mara tatu: kwenda, kurudi, na kwenda tena. Akavuta. Akavuta huku akiniangalia usoni, taratibu, mpaka pochi yote ikaisha, akauviringisha uzi vizuri na kunirudishia ukiwa mpira. "Karibu kwetu," akasema. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu achague, mimi au dada yake. Akasema ana njaa.

Jambo la pili mnalopaswa kujua ni kwamba wifi yangu hajawahi kutamka neno "nzuri". Akiridhika na kazi, anakohoa. Kikohozi kimoja, kikavu, halafu anavuta mkoba mwingine. Mafundi wenzangu, nasema uongo? Watu wazima, wenye wajukuu, wanakaa siku nzima wakisubiri kukoholewa! Mimi kwa miaka kumi na tisa nimekoholewa kwa ufumaji wangu mara mbili. Mara ya tatu yalikuwa mafua, nikafurahi bure mpaka alipopiga chafya.

Sasa nifike kwenye kisa cha miwani yake. Jana nilimwomba ruhusa, akaniambia, "Sema, lakini usilie, utanitia aibu."

Mwaka juzi tulipata oda ya mikoba arobaini ya wahitimu wa chuo cha uuguzi. Siku ya kuikabidhi, mchana, miwani ya Bi Fumua ikapotea. Tukatafuta chini ya meza, kwenye kapu la nyuzi, kichwani kwake, hata kichwani kwa Mwenyekiti. Hakuna. Ndipo tukaelewa, wote kwa pamoja, na hakuna aliyethubutu kusema: ameishonea ndani. Miwani iko katikati ya bitana na ufumaji, katika mkoba mmojawapo kati ya arobaini, na mwenye oda yuko njiani.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ungetuona! Wanawake kumi na mmoja tumekaa sakafuni tukiibinya mikoba kama tunachagua maparachichi. Mwenyekiti wetu, mtu mzito, akawa anaweka mkoba sikioni na kuutikisa. Tukaipata katika mkoba wa kumi na moja. Kila mtu akacheka, mwenye oda akafika, akachukua mizigo yake, akaenda zake.

Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimehesabu. Siku ile, kabla hatujaanza kutafuta, wifi yangu alikuwa ameshafunga mikoba ishirini na minne. Mikoba ilikuwa imepangwa kwa zamu ya kushonwa, na miwani ilikuwa kwenye wa kumi na moja wa siku ile. Ina maana mikoba kumi na mitatu aliishona bila miwani, na hakugundua kwamba hana! Niliipindua yote kumi na mitatu kabla haijaondoka. Mishono imenyooka. Mikia imezama, kwenda, kurudi, na kwenda tena.

Nikamfuata bombani.

"Wifi, unaniona?"

"Nakuona. Umenenepa."

"Nimevaa nguo ya rangi gani?"

Maji yakajaa ndoo, yakamwagika, hakufunga bomba. Kisha akasema, "Ukimwambia mtu, nitafumua hata ndoa yako."

Ndugu wageni waalikwa, sikumwambia mtu. Kwa miaka miwili nilikuwa nafika mapema kuliko wote, natunga uzi kwenye sindano zake na kuzichomeka kwenye mto mdogo: nyeusi kushoto, kahawia katikati, nyeupe kulia. Mlidhani najipendekeza, na mlisema, nilisikia. Ile miwani ilikuwa pambo tu. Alikuwa anashona kwa vidole, na vidole vile vilikamata makosa yenu na yangu ambayo macho yetu mazima hayakuyaona. Je, kuna mmoja wenu aliyerudishiwa na mteja mkoba wenye dosari kwa miaka hiyo miwili? Simameni, tuwaone.

Hakuna.

Wiki tatu zilizopita, mkasi wake ulikata kitanzi badala ya mkia wa uzi. Mara moja tu. Mkoba ukaanza kufumuka mapajani mwake. Angeweza kuuficha, angeweza kunilaumu mimi niliyeufuma, na mawifi wengi wangefanya hivyo. Yeye aliweka mkasi mezani, akasema, "Basi." Niliumia kuliko siku ile ya pochi.

Tangu hapo stuli iko tupu. Bi Fumua hajamtaja wa kuikalia. Mwenyekiti wetu, kwa upole wake, ametangaza kwamba kama hakuna atakayekubaliwa na Bi Fumua, kuanzia Jumatatu mikoba yetu itapelekwa kwenye cherehani za ng'ambo ya barabara, ambako zipu hushonwa kama watu wanakimbizwa. Mimi naitaka stuli ile. Nimesema. Naitaka, na nimeogopa kuiomba kwa wiki tatu.

Kwa hiyo zawadi yetu ya leo ni mkoba huu. Nimeufuma mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimeumalizia mwenyewe: kitako, bitana, zipu, vishikio, mikia yote. Wifi, samahani kwa kukufanyia hivi mbele za watu. Pokea. Mkasi wako huu hapa, kama utauhitaji.

Naomba ukimya kidogo, hata kwenu mliokuja kwa soda.

Ameupindua. Anapima kona ya kushoto, pale ninapoharibu siku zote. Sasa anafuata zipu, mwanzo mpaka mwisho. Muuza nyuzi, acha kutabasamu, hujui linalotokea hapa. Amekamata mkia wa uzi. Anauvuta. Anauvuta tena. Mungu wangu, wifi, vuta taratibu, nina watoto!

Haujatoka.

...

Mmesikia? Mmesikia wote? Mtoto wa wifi, wewe muuguzi, rudi ukae na hiyo chupa ya maji, mama yako hana mafua! Mheshimiwa mgeni rasmi, tafadhali na wewe usimpigepige mgongoni. Na huo mkasi, wifi, mbona unanielekezea mimi mpini?

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti, ndugu zangu wote, nawashukuru kwa kunitegea masikio, na hasa kwa kuyatega sekunde hii iliyopita. Nilikuwa na ukurasa mmoja zaidi, lakini niliambiwa nisilie, na naona nimeshachelewa.